Maharage ya Koko na Kiganja cha Papa

Koti la Papa halijaacha kunuka moshi. Tumelifua, tumelianika juani siku kutwa, na bado ukilisogeza puani unakutana naye pale pale: moshi wa mbaula, lile pipa la bati lenye makaa ambalo walinzi wa mjini huota moto nalo, na chini ya moshi ile sabuni ya kipande aliyoipenda. Papa, yaani baba yangu, alitutoka majira haya ya baridi. Nguo zake nyingine zimefungwa kwenye sanduku zikisubiri siku ya kugawiwa. Koti limebaki nyuma ya mlango kwa sababu hakuna aliyethubutu kulitia sandukuni pamoja nazo.

Ndani yake, kwenye bitana ya upande wa kushoto, kuna doa la udongo mwekundu lililokataa kutoka tangu nikiwa mtoto. Ni doa hilo lililonikalisha chini asubuhi ya leo, koti magotini, nikalia mpaka kamasi. Ni kilio kibaya, kile cha mtu ambaye hajui atafanya nini na siku nzima iliyo mbele yake.

Nyinyi wa rika langu mliokulia kwenye zile nyumba kubwa za zamani za Bertrams, hapa Johannesburg, zilizokatwakatwa vyumba kwa mbao, familia moja kila chumba, mnaijua yadi yetu hata kama hamjawahi kuingia. Bomba moja, kamba za nguo, ukuta wa matofali nyuma, na chini ya ukuta kijisehemu cha udongo ambacho hakuna aliyekitaka. Papa alilinda ghala moja katikati ya mji, akienda jioni na kurudi alfajiri. Mama alikuwa msusi. Walitoka Bukavu kabla sijazaliwa. Mimi nilizaliwa hapa, nikielewa kila walichosema lakini nikijibu kwa Kiingereza cha shuleni, na Mama akinitania kwamba nina masikio ya Bukavu na ulimi wa Joburg.

Mwaka ninaousema, Koko alitutumia maharage. Koko ndiye bibi yangu, mama yake Mama, ambaye sikuwahi kumwona ila kwenye simu, uso wake ukigandaganda kila mtandao ulipokwama. Mama mmoja wa kanisani kwetu alitoka kutembelea nyumbani akaja na mfuko: maharage ya kila rangi yamechanganywa, mekundu, meusi, ya njano, mengine yana madoa kama mayai ya kware. Ni maharage yale yanayopanda mti, si ya kukaa chini. Mama aliingiza mkono ndani ya mfuko mpaka kwenye kiwiko, akafumba macho. Jioni hiyo hiyo tukapika. Tukapika na kesho yake, na wiki iliyofuata, tukawaita majirani, na Mama akiimba huku akikoroga. Sijawahi kula kitu kitamu vile.

Kisha simu ikapigwa. Mama alikuwa anamsuka jirani, akaipokea kwa bega, na nikaona vidole vyake vinaacha nywele za watu katikati ya msuko.

Hakuweza kwenda kuzika. Karatasi za ukimbizi zilizowaweka wazazi wangu hapa hazikuruhusu kurudi nyumbani. Ukirudi, umejifungia mlango. Kwa hiyo Mama alimzika mama yake kwa simu, akisikiliza watu wakilia kwa mbali mpaka salio likaisha. Mama mdogo, yaani mdogo wake aliyebaki Bukavu, alimweleza baadaye jinsi waombolezaji walivyokuwa wengi, na jinsi walivyopika maharage yote ya nyumba kuwalisha, hata yale yaliyotengwa kwa mbegu. Shamba lenyewe lilikuwa la kukodi, likarudi kwa mwenyewe.

"Hakubakie hata moja, yaya," alisema Mama mdogo, maana kwao yaya ni dada mkubwa. Mama alikata simu akageukia kabati, akaung'uta ule mfuko, akaugeuza ndani nje. Yakadondoka maharage machache yaliyokuwa yamejificha kwenye mshono. Akapiga magoti, akapapasa nyuma ya kabati, akapata mengine kwenye vumbi. Jumla yake kiganja kimoja, na hakikujaa.

"Tumekula mama yangu," alisema. "Bale kule, na siye huku. Tumemukula, tumemumaliza."

Nilijishika tumbo. Niliogopa kweli, nikawa nalala nikisikiliza kama kuna mtu anaongea humo ndani.

Sasa, upande wa kina Mama, milimani juu ya Bukavu, kuna desturi. Mtu akifiwa na mzazi mkulima, matanga hayaishi kwa watu kwenda makwao. Yanaisha siku mtoto wa marehemu anapoweka mbegu ya marehemu ardhini. Mpaka siku hiyo hasuki kichwa chake, haimbi, analala chini. Nyumbani ni jambo jepesi, mvua haiko mbali sana, wiki chache tu umerudi kuwa mtu. Lakini Koko alifariki Juni, na Juni ya Johannesburg ardhi ni ngumu kama sakafu, na kila asubuhi majani ya yadi yamefunikwa na jalidi, ule unga mweupe wa barafu unaolia chini ya kiatu.

Basi Mama akawa hayupo. Alikuwepo, akienda kusuka vichwa vya watu mjini na kichwa chake mwenyewe kimefungwa kitambaa cheusi, akirudi, akipika ugali, akilala kwenye mkeka chini ya dirisha akiwa amegeukia ukuta. Lakini hakunitania tena. Nikijibu kwa Kiingereza, aliendelea na kazi yake. Nilifanya vituko vyote nilivyovijua, nikavaa viatu vya Papa, nikajipaka unga, wapi. Mtoto anaweza kumkosa mama yake huku amekaa naye chumba kimoja, na sijui kama kuna njaa inayozidi hiyo.

Agosti ilipoingia na ule upepo wake wa vumbi, Mama hakuweza tena kuvumilia. Alikata maboksi ya maziwa, akajaza udongo, akapanda maharage yake ndani akayapanga dirishani. Jembe halijagusa ardhi, alisema, kwa hiyo desturi haijavunjwa wala haijatimia. Alitaka tu kujua kama mbegu iko hai. Ilikuwa hai. Karibu yote yalitoka, shingo zimepinda, kisha yakanyooka na kuanza kulipanda pazia. Mama aliyageuza maboksi asubuhi na jioni ili yasiegemee kioo upande mmoja. Lakini kwenye boksi la maziwa mche wa maharage hauna maisha marefu. Ulirefuka, ukawa mwembamba, majani ya chini yakaanza kuwa ya njano. Ilikuwa wazi hata kwangu kwamba yanatakiwa nje upesi, ama yatakufa mikononi mwetu.

Hapo ndipo Papa alipokuwa adui yangu.

Kila alfajiri alipotoka kazini, kabla ya kuingia ndani, alikwenda kwenye kile kijisehemu chini ya ukuta, akainama, akaweka kiganja chake chote juu ya udongo. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akafuta mkono ndani ya koti, upande wa kushoto, akaja mlangoni. Mama alikuwa keshaketi kwenye mkeka akimngoja.

"Sasa?"

"Bado, Mama Faida. Udongo ingali baridi."

Faida ndiye mimi. Nilikuwa nikimwangalia dirishani, katikati ya maboksi, na nikajifanyia hesabu zangu. Papa alipofungua mlango, baridi iliingia naye. Ukilishika koti lake lilikuwa la barafu. Siku za mapumziko yake, akiwa amelala ndani, nilitoka nikakuta asubuhi si mbaya. Na kila alipoweka mkono wake juu ya ule udongo, akauinua, palikuwa na weupe. Nikaelewa. Papa ndiye aliyekuwa akiileta baridi kutoka mjini, kwenye koti, na kuiweka ardhini kwa mkono wake ili Mama asipande. Kwa nini, sikujua. Watu wazima walikuwa na sababu zao. Nilimchukia kimya kimya, kwa moyo wangu wote mdogo.

Septemba ikaja na joto. Mpichi wa jirani ukachanua rangi ya waridi tupu, watu wakaanza kukaa nje, wavulana wakavua fulana. Jumamosi moja Mama mdogo akapiga simu, na nyuma ya sauti yake tulisikia bati likipigwa na mvua, mvua ya Kivu yenyewe, kelele tupu.

"Yaya, imenyesha! Bantu bote bako mashamba. Weye ungali na matanga tu?"

Mama aliweka simu chini akayatazama maboksi. Papa alikuwa anavua viatu ajilaze, na alijua mke wake anawaza nini.

"Usipande," alisema. "Nakuomba."

"Mama yangu alikuwa anapandaka Septemba. Kila mwaka, Septemba, mvua ya kwanza."

"Kule ni kule. Mvua yenye imenyesha Bukavu haiwezi kulowanisha yadi ya Bertrams. Huku Septemba ingali inauma. Miye ndiye niko nje saa yenye inauma, weye uko umelala."

"Miye silale, Papa Faida," alisema Mama. "Tangu Juni silale."

Papa alimalizia kuvua viatu, akajitupa kitandani. Alilala, kazi ilikuwa imemchosha, na alipokuwa anakoroma Mama alinishika mkono tukatoka na maboksi. Alichimba kwa kijiko kikubwa cha ugali, maana jembe hatukuwa nalo. Alipasua kila boksi taratibu, akaushika mche na udongo wake kama anayemshika kifaranga, akausimamisha, akamwaga maji. Mingine aliisogeza kabisa kwenye matofali ya ukuta ili ipate pa kupanda. Alipomaliza, alifungua kile kitambaa cheusi palepale uani. Nywele zake zilikuwa zimesokotana, na katikati kulikuwa na mvi ambazo sikuwahi kuziona. Akacheka. Akaniambia nimwagilie na mimi, na nilipojibu kwa Kiingereza akaniuliza huyo Mzungu mdogo ametoka wapi.

Papa alipoamka akakuta yamekwisha, alisimama mlangoni na kijishati chake cha ndani. Aliutazama udongo, akamtazama Mama mwenye nywele wazi. "Eish," alisema, basi. Jioni kabla ya kwenda kazini alitafuta vijiti akavichomeka karibu na kila mche.

Siku zilizofuata nilikuwa na mama. Alisukwa na mwenzake mjini akarudi na mistari ya kwenda nyuma, aliimba, alirudi kitandani. Nilitamani wiki ile isiishe. Kila jambo lilikuwa sawasawa, na nilikuwa na kazi moja tu, kuhakikisha Papa haugusi ule udongo. Na kweli hakuugusa, kwani kulikuwa na haja gani tena.

Kisha upepo ukageuka. Ulivuma mchana kutwa kutoka kusini, mkavu, ukaangusha maua ya mpichi, na kuelekea jioni ukatulia ghafla. Mbingu zikawa safi kupita kiasi. Papa alikuwa ameshavaa koti. Alisimama uani akitazama juu, na sura yake ilinitisha.

"Mama Faida, chukua blanketi. Funika."

Mama alitikisa kichwa.

"Nakwambia funika. Leo baridi itashuka."

"Sikumuzika mama yangu," alisema Mama. "Nilisikia tu udongo kwenye telefone. Mbegu yake nimeitoa kwenye giza, imeona jua, sasa niifunike tena? Siwezi."

"Kufunika haiko kuzika."

"Kwako."

Papa alimsihi kwa Kiswahili, akamsihi kwa Kifaransa, akatazama saa, akaenda. Mlinzi hachelewi zamu. Nilimsikia akisimama kidogo nje ya geti, kisha hatua zake zikaenda.

Mimi sikujali blanketi. Nilijua kitu ambacho wao hawakukijua: kwamba baridi itakuja pamoja naye alfajiri, kama kawaida yake, na dawa ni kumzuia. Niliamka dirisha lilipoanza kuwa la kijivu. Nilitoka na gauni la kulalia, miguu mitupu, nikaenda kusimama mbele ya maharage, mikono nimeitandaza.

Nyayo zangu ndizo zilizoniambia kwanza. Zilichomwa. Nikatazama chini, na yadi nzima ilikuwa nyeupe. Vijiti vilikuwa vyeupe. Majani ya maharage, yale mapana, laini, yalikuwa yamepakwa weupe ule pembeni, yamesimama wima, yanameta. Na Papa alikuwa bado hajafika. Geti lilikuwa limefungwa, hakuna alama ya kiatu popote ila za miguu yangu. Baridi ilikuja yenyewe, kutoka juu, bila mtu. Sijui niwaelezeeje hofu ile. Kama si Papa, basi hakukuwa na wa kumzuia.

Alinikuta hapo. Nilisikia mnyororo wa geti, nikapiga kelele, na kelele zenyewe zilitoka kwa Kiswahili, sijui kilikuwa kimejificha wapi: "Usiguse, Papa! Usiguse!"

"Nisiguse nini, mama?" alisema, akiniita mama kama akina baba wa kwetu wanavyowaita binti zao. Halafu akaona miguu yangu, akaona majani. Alikwisha kulivua koti huku anakimbia, akalitandaza kunifunika mimi, na mimi nikalikataa, nikalisukuma kwa ngumi. Funika maharage, nililia, funika Koko, Mama atarudi chini, atalala tena chini.

Papa alikuwa na koti moja. Alinitazama mimi, akayatazama maharage. Kisha alilitupa juu ya miche, bitana chini, akaukunja upande mmoja ukashika matofali, na mimi akaniokota. Alifungua vifungo vya shati, akaniingiza ndani, akafunga mikono juu yangu. Nikaganda kwa mshangao. Kifua chake kilikuwa cha moto. Kwa majuma yote yale nilikuwa nimeamini mtu huyu ameumbwa kwa baridi, na hapa alikuwa na joto kuliko kitanda, kuliko jiko, na moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kwenye sikio langu. Nikazamisha miguu yangu tumboni kwake, naye akatetemeka, hakuitoa.

Mama alitoka akatukuta hivyo, Papa amesimama kwenye barafu na shati lililo wazi. Alikuja akasimama kando yetu. Jua lilipofika kwenye ukuta Papa alisema sasa, na Mama akainama, akaliinua koti.

Karibu yote yalikuwa yamekwisha. Majani yaliyeyuka mbele ya macho yetu, kutoka meupe yakawa ya kijani cha maji, kisha meusi, yakalala. Mama alikaa chini kwenye udongo. Alikusanya ile miche iliyolegea akaiweka kwenye nguo yake, mmoja mmoja, na alipofika wa mwisho mdomo wake ulifunguka na ikatoka sauti ambayo hakuwa ameitoa tangu Juni. Alimwita mama yake. Alimwita kwa jina, alimwita kwa Kishi, lugha ya kwao milimani, alimwambia nisamehe sikuja. Milango ya vyumba ikafunguka, majirani wakatoka na mablanketi, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Papa alikaa kando yake, nami nikiwa bado shatini, akamwegemeza kichwa begani. Walikaa chini ya ukuta ule mpaka jua likawa kali, na hayo ndiyo yakawa matanga ya Koko.

Ni Papa aliyeona, baadaye, ile michache ya kwenye matofali. Ukuta ulikuwa umehifadhi joto la mchana, na koti lililokunjwa juu yake lilikuwa limelizuia. Majani yalikuwa yameungua pembeni, lakini kikonyo kilikuwa cha kijani. Ilisimama. Ilipanda ule ukuta mpaka juu, ikazaa maganda, na Mama hakuruhusu hata punje moja iingie sufuriani mwaka ule. Kitambaa cheusi hakukivaa tena.

Kila mwaka baada ya hapo aliyesema tupande lini alikuwa Papa. Mama hakubishana tena. Alimuuliza alfajiri, "Sasa?", na hata mvua iwe imenyesha Bukavu mara ngapi, kama Papa amesema bado, ilikuwa bado. Tumepanda Oktoba, kuna mwaka tulikaribia Novemba. Mimi nikawa natoka naye kuweka kiganja changu kando ya chake.

Sasa ni Septemba tena. Mpichi umechanua. Papa hakuwa mkulima, lakini maharage haya alikuwa ameyafanya yake, na Mama amesema matanga yake yataisha kwa mbegu hiyo hiyo. Miche iko dirishani, imeanza kupanda pazia. Mama analala chini. Mimi sina hali. Ninachotaka ni kitu kimoja, yaishe, afungue kichwa, nimsikie akiimba, hata kama si kwa furaha. Jana kutwa kulikuwa na joto, na leo alfajiri nilimwambia wazi wazi: Mama, tupande leo, mimi siwezi tena.

Mama alijifunua shuka. Alisimama kutoka mkekani, akalichukua koti mapajani mwangu, akalivaa. Lilimfika miguuni. Alitoka akaenda chini ya ukuta, akapiga magoti, maana kuinama kunamshinda siku hizi, akaweka kiganja chote juu ya udongo. Alikaa hivyo muda mrefu sana. Nilisimama mlangoni nikimwomba Mungu Mama aseme ndiyo.

Alipoinuka, alifuta mkono ndani ya koti, upande wa kushoto.

"Bado," alisema. "Ingali baridi."

Nikamfungulia mlango, akapita, akarudi kulala kwenye mkeka.